Nyuki Kwenye Waya wa Mama Mkwe

Jumapili. Bungoma, kwa wakwe zangu.

Mvua imekatika alfajiri, na sasa linawaka lile jua la baada ya mvua ambalo halina adabu. Wote wameenda kanisani isipokuwa mimi na mama mkwe: yeye kwa sababu ya nyonga yake, mimi kwa sababu ya uso wangu. Jicho la kushoto limevimba hadi limefunga. Naandika kwa jicho moja, nimekaa nyuma ya ghala la mahindi, mahali ambapo yeye hawezi kuniona wala mimi siwezi kumwona, kama desturi yetu inavyotaka.

Nimekasirika.

Nimeukasirikia waya, nimewakasirikia nyuki, nimeikasirikia mashine ya posho ya jirani. Lakini daftari halidanganywi. Aliyenikasirisha kuliko wote ni huyu fundi wa redio wa Kitale anayeandika hapa.

Nianze mwanzo, labda hasira itapungua. Mke wangu, Mama Nafula, ana ndugu mmoja wa kiume tu, Barasa, na Barasa yuko ng'ambo na jeshi, huko kwenye misitu ya Asia. Mwezi uliopita ilikuja barua yake. Alisema maofisa wamewapanga mstari, kila askari akasema maneno machache mbele ya chombo, na maneno hayo yatatangazwa redioni kutoka Nairobi Jumamosi ya jana, saa kumi alasiri. Mara moja tu. Mama mkwe alipoisikia barua hiyo ikisomwa aliuliza tu Jumamosi hiyo ni lini.

Mjini Bungoma kuna redio ya watu wote, lakini mama mkwe aliteleza mtoni mwaka jana na nyonga yake haijapona. Hawezi kutembea hadi mjini, na kubebwa kwenye machela kama maiti amekataa katakata. Basi mimi, mbele ya wakwe wote, bila kulazimishwa na mtu, nikatamka kwamba nitaileta sauti ya Barasa mpaka ndani ya nyumba ya mama yake. Mashemeji walinipigia makofi. Yale makofi ndiyo yaliyoniponza.

Redio yenyewe haikuwa shida. Tajiri wangu wa dukani Kitale aliniazima moja ya betri, niirudishe Jumatatu baada ya tangazo. Shida ni boma hili. Hatua chache kutoka nyumba ya mama mkwe kuna mashine ya posho ya Mzee Wanjala, na injini yake ikinguruma, redio yoyote iliyo karibu husikika kama mtu anakaanga bisi ndani yake. Jumamosi ndiyo siku yake ya kusaga kuliko zote. Kwa hiyo eriali, yaani ule waya wa juu unaokamata sauti, ilibidi niipeleke mbali, juu kwenye mteremko, kati ya mikaratusi miwili. Kutoka pale mpaka dirisha la mama mkwe ni hatua tisini.

Hatua hizo tisini ndizo zilizonizeesha. Eriali hata mtoto anaweza kuitundika. Fundi anaaibikia kwenye waya wa kuteremshia, ule unaotoka kwenye eriali mpaka redioni. Unaning'inia kwenye mvua, jua na upepo, na hautakiwi kupoteza njiani kile ulichopewa.

Wa kwanza niliochagua ulikuwa ule mpya, bapa kama utepe, nyaya mbili zilizoshikwa pamoja na plastiki. Umekuja dukani hivi karibuni na niliupenda kwa sababu uling'aa. Nakiri hivyo. Nilitaka wakwe waone kitu cha kisasa. Siku ya jua ulifanya kazi vizuri ajabu, sauti ikashuka safi kabisa. Siku ya mvua sauti ikazama. Nikapanda ngazi kutazama, nikakuta vumbi la unga kutoka kwa Mzee Wanjala limeganda juu ya utepe wote, likachanganyika na maji. Waya wangu wa kisasa ulikuwa umepakwa uji, na sauti ilikuwa inapotelea humo.

Nikautoa. Nikaleta waya mnene wa mviringo niliorudi nao kutoka vitani Burma, nilikokuwa fundi wa mawasiliano. Una mpira nje, nikasema huu maji hayatauweza. Kumbe mpira nao huzeeka. Jua la Kitale lilikuwa limeupasua pale nilipokuwa nimeuning'iniza stoo karibu na dirisha, ufa mdogo usiofika hata ukucha, na maji yakaingilia hapo yakasafiri ndani kwa ndani. Nilipoukata, yalidondoka kwenye kiatu changu. Wiki mbili zilikuwa zimekwisha.

Na usisahau, daftari, kwamba kila jaribio lilifanywa nikiwa nje. Mkwe haingii nyumba ya mama mkwe, hampi mkono, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Ni heshima, na siilalamikii. Lakini jaribu kutengeneza redio ambayo huwezi kuigusa! Mama Nafula ndiye aliyekuwa ndani akizungusha vifundo, na mimi hapa nyuma ya ghala napiga kelele: kushoto kidogo, kidogo, nimesema kidogo! Naye anajibu kwamba kushoto kwangu si kushoto kwake. Majirani walikuwa wakija kutucheka.

Wa tatu ndio ningeanza nao kama ningekuwa na akili. Ni nyaya mbili za shaba tupu, zinakwenda sambamba kwa upana wa kiganja, zimetenganishwa na vijiti kila baada ya hatua mbili. Hakuna plastiki ya kushika uji wala mpira wa kupasuka. Kati yake ni hewa tu, na hewa haiozi. Tena kelele ya injini ikizipiga, inazipiga zote mbili sawasawa, na huko mwisho zinafutana. Burma tulizitegemea hizo kwenye mvua ambayo mtu wa Bungoma hawezi kuiamini. Sharti ni mawili. Nyaya zisigusane kamwe, maana zikigusana sauti inakufa hapohapo. Na vijiti vichemshwe kwenye nta ili visinywe maji.

Vitani tulichemsha kwa nta ya mishumaa. Nilinunua mishumaa Kitale, nikaisahau juu ya meza dukani. Nikagundua nikiwa tayari Kapsokwony, huko mlimani, nilikopanda kutafuta mianzi iliyokomaa ya vijiti. Sokoni palikuwa na mama mmoja, Chemutai, anayeuza asali na mabonge meusi ya nta ya nyuki. Nikaona Mungu amenitazama. Nikamwambia nataka bonge lote, nataka kuchemshia vijiti vya kutundika nje.

Akaniangalia.

"Unaweka wapi hiyo miti? Juu?"

Nikamwambia ndiyo, juu, karibu na nyumba.

"Hii sisi napaka mzinga, nyuki ikuje. Iko na asali bado ndani. Wewe unaita nyuki kwa nyumba?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni kazi ya redio, si ya asali." Alinifungia bonge langu kwenye jani la mgomba bila neno lingine, na sasa nikikumbuka ule utulivu wake nasikia aibu mpaka kwenye masikio. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimevunjika uso.

Jumanne nilitundika. Jumatano ilinyesha toka mchana, na sauti ikashuka kutoka kwenye mikaratusi bila kutikisika, na mashine ya Mzee Wanjala ikisaga, na isisikike! Nilicheza peke yangu hapa nyuma ya ghala. Alhamisi niliona nyuki wawili watatu kwenye vijiti. Ijumaa walikuwa wengi zaidi, wanatembeatembea, wanachungulia. Mama Nafula akasema, "Baba Nafula, hii waya yako inapata wageni, ati." Nikamjibu kwamba nyuki hana kazi na shaba.

Jana, saa nane mchana, nilisikia ngurumo nikadhani ni mashine. Kisha nikamwona Mzee Wanjala amesimama mlangoni pake na debe la maji mkononi, injini imezimwa ipoe. Ngurumo ilikuwa inatoka juu.

Walikuja kama moshi. Walizunguka mara moja juu ya boma, wakaipita mizinga mitupu ya jirani iliyo mtini, wakaja moja kwa moja kwenye vijiti vyangu. Wakashika kijiti cha mwisho, kile kilicho karibu na dirisha la mama mkwe, wakaning'inia hapo kundi zima, kubwa kama kibuyu cha kugemea. Uzito wao ukavuta. Kijiti kikachomoka upande mmoja. Nyaya zikakutana.

"Redio imekufa!" Mama Nafula akapiga kelele kutoka ndani.

Wazo langu la kwanza lilikuwa moshi. Nilishachukua samadi kavu na kiberiti wakati Mzee Wanjala aliponishika mkono. "Wewe wacha hiyo," akasema. "Mama ameketi hapo kwa dirisha. Ukiwasha moto, hawa wanaingia kwake. Atakimbia na mguu gani?" Hakuna aliyeweza kumhamisha pia, kwa sababu Mama Nafula alijaribu na mama akakataa. Alisema amengoja Jumamosi hii tangu barua, na hatoki mbele ya redio hata waje simba. Alikuwa amevaa gauni la Krismasi.

Nilitazama jua. Nikahesabu hatua zote za kuuondoa waya, kuusogeza, kuufunga upya, nikaona saa hazitoshi. Kulikuwa na njia moja, na sikuipenda. Mtu apande ngazi pale pale penye nyuki, azishike nyaya mbali mbali kwa mikono yake, na akae hivyo mpaka tangazo liishe.

Nilijifunga blanketi, nikavaa gunia kichwani lenye matundu mawili, nikachukua kipande cha mwanzi kilichopasuliwa ncha mbili kama uma, kikavu, kisichopakwa kitu. Ilipokaribia saa kumi nikapanda polepole. Nyuki waliohama hawana ukali sana, wanasema, kwa sababu hawana nyumba ya kulinda. Wanaosema hivyo hawajapanda ngazi ile. Nikaingiza uma kati ya nyaya, nikazisukuma zikaachana, na ndani ya nyumba sauti ya mtangazaji ikarudi. Nikasikia watu wakisema ee! Kisha nikasikia Mama Nafula akisema, "Baba Nafula, hapo hapo! Usitikisike!"

Sikutikisika. Walinitembea mikononi. Mmoja aliingia kwenye tundu la gunia na hilo ndilo jicho langu hili. Machozi yalinitoka, sikuweza kuyafuta. Nilikuwa nimeikaribia redio kuliko siku zote, kama hatua tatu, lakini mvumo wao masikioni ulikuwa mkubwa, na sauti ya redio ilinifikia kama mtu anayezungumza chini ya maji. Majina yakapita. Askari wa Kakamega, askari wa Machakos, mmoja wa Kisumu aliyecheka badala ya kusema. Hayo nimeambiwa. Mimi sikushika neno.

Basi mikono ikaanza kuniuma, nikajiuliza niko hapa kwa ajili gani. Na nitakiri hapa, maana sitamwambia mtu: sikuwa nawaza mama mkwe. Nilikuwa nawaza yale makofi ya mashemeji, na jinsi watakavyocheka nikishindwa.

Ndipo nikasikia sauti moja iliyopita juu ya nyuki wote.

"Barasa! Barasa, mwanangu! Umekula?"

Ni yeye. Katika miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kuisikia sauti ya mama mkwe ikiwa kubwa. Huwa ananong'ona, na huwa namjua kwa kikohozi tu, cha kunionya nipishe. Alikuwa anamjibu mtoto wake. "Umekula? Nani anakupikia?" Redio haikumjibu, iliendelea tu na zamu ya mwingine, na yeye akaendelea kuuliza. Nilishikilia uma wangu mpaka mkono ukafa ganzi. Kama angeuliza mpaka giza ningebaki pale.

Baadaye Mama Nafula alinisimulia maneno ya Barasa. Yalikuwa machache: Mama, ni mimi. Niko mzima. Usiuze ile ng'ombe nyeupe. Msalimieni Nafula na watu wote wa nyumbani. Nikauliza kama kuna jingine. Akasema hakuna. Basi mimi ni watu wote wa nyumbani.

Jioni Mzee Wanjala aliwakung'utia nyuki kwenye kikapu akaenda nao nyuma ya mashine yake, kwa ustadi ambao ulinitia wivu. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Mimi walinifuata wao, na asali ataila yeye. Lakini hilo si lililoniuma. Aliporudi kuutazama uso wangu, akakaa kando yangu, akatikisa kichwa, akasema kwa upole kabisa:

"Lakini bana, si ungeniambia tu nizime mashine kwa saa moja? Barasa ni mtoto wangu pia. Ningezima siku nzima."

Wiki tatu nimepigana na plastiki, na mpira, na mianzi, na kelele ya injini ambayo mwenyewe anaishi hatua chache na ana mkono wa kuizima. Kipande kifupi cha waya kingetosha, kutoka paa hadi dirishani. Haikunijia hata siku moja kumwomba. Nilimwona kila asubuhi, tukasalimiana, nikaulizia hali ya watoto wake, nikapita na ngazi yangu begani.

Fundi gani huyu?

Nimeamka leo nikiwa na neno moja tu kichwani: kufungua. Nitoe nyaya, nizikunje, nirudishe redio kwa tajiri kesho, nisahau. Nilikuwa nimeshaegemeza ngazi wakati Mama Nafula alipotoka ndani, amevaa tayari kwenda kanisani, akaniambia ana ujumbe kutoka kwa mama yake.

"Mama anasema redio uende nayo, si yetu. Lakini waya usiiguse."

Nikauliza ya nini, waya bila redio ni kamba ya kuanikia nguo.

"Anasema sauti ya Barasa imepita hapo. Ikirudi itatafuta njia yake. Na anauliza, hii waya itakaa mpaka arudi?"

Ningeweza kueleza. Ningeweza kusema kwamba sauti ile ilihifadhiwa kwenye sahani kama wimbo wa santuri, kwamba ilishaisha, kwamba haijui njia wala haitafuti kitu. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikakumbuka anakaa pale dirishani, hatua chache, na pengine anasikia, na kwa desturi yetu sina njia ya kumwambia kitu kigumu isipokuwa kupitia kwa binti yake. Sikutaka binti yake aubebe huo mzigo kwenda kanisani.

Na lile swali limenikaa. Wiki tatu nimechagua waya. Nimeuliza upi unang'aa, upi hauingizi maji, upi utanipa sifa mbele ya mashemeji. Nilikuwa natafuta waya wa Jumamosi moja. Hakuna siku niliyojiuliza utakaa muda gani, mpaka mama asiyejua eriali ni nini aliponiuliza.

Nikamwambia Mama Nafula amjibu kwamba utakaa.

Wameenda kanisani. Nimepanda nikakagua, kwa jicho moja. Viungo vyote sita nilivisokota kwa mkono tu, sikuvilehemu, kwa sababu nilijiambia vitadumu mpaka Jumamosi. Vitatu vimeanza kuwa vya kijani. Kwa mwendo huu havifiki Krismasi, na Barasa bado ana mwaka na zaidi. Vijiti navyo lazima vitoke vyote, nta ile isiite nyuki tena. Mishumaa iko Kitale juu ya meza, nitarudi nayo wiki ijayo. Na redio, sijui. Dukani kuna moja mbovu ambayo mwenyewe hajaifuata, lakini tajiri hajasema kitu, na mimi nimechoka kutamka ahadi mbele ya watu.

Nimesikia kikohozi sasa hivi, kutoka dirishani. Si kile cha kunionya nipishe, maana niko mahali pangu. Nikakohoa na mimi.

Leo ni Jumapili, na mimi ni mtu wa kanisa. Mungu anisamehe, chuma cha kulehemu nimeshakiweka kwenye makaa.